Virusi na mimba: nini kifanyike wiki gani ili kumlinda mtoto

Maswali ni yale yale kila Jumatatu kwenye benchi la kliniki. "Nesi, nimekutwa na homa ya ini, mtoto ndiyo basi tena?" "Kifungua mimba wangu ana tetekuwanga na mimi nina miezi minne, nimhamishie kwa bibi yake?" "Nina VVU, nikinyonyesha si namuua mwenyewe?" Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimeona heri niyaandike kwa mpangilio, uyasome ukiwa umetulia nyumbani kabla hujafika dirishani.

Shika jambo moja toka mwanzo: kwa virusi, tarehe ni nusu ya tiba. Rubela, ule ugonjwa wa vipele vya siku 3, ikikupata wiki ya 8 mtoto anaweza kuzaliwa kipofu au kiziwi. Ikikupata wiki ya 30, mara nyingi hupita tu. Chanjo ya homa ya ini B akichomwa mtoto siku aliyozaliwa inamwokoa. Akisubiri wiki 6, huenda virusi vimeshatia nanga kwenye ini. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata kalenda ya mimba na si majina ya magonjwa.

Nadharia ni hii tu. Virusi humfikia mtoto kwa milango mitatu. Kuna vinavyopenya kondo la nyuma wakati mimba inakua, kama rubela, saitomegalovirusi (kirusi cha mate na mkojo wa watoto wadogo) na Zika (kirusi cha mbu). Kuna vinavyomngoja njiani siku ya kuzaliwa, kama homa ya ini B na malengelenge ya sehemu za siri. VVU vinaweza kupita milango yote, ukiwemo wa tatu ambao ni maziwa. Ukijua mlango, unajua lini ukaufunge.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, iandike mahali. Hesabu zote za wiki zinaanzia hapo, na ukikosea wiki 4 umeharibu kila kitu kilichoandikwa chini.
- Kadi ya kliniki. Tanzania ni kadi namba 4. Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto.
- Orodha ya magonjwa uliyowahi kuugua: tetekuwanga, surua, manjano, vidonda vya sehemu za siri. Muulize mama yako au shangazi; wao ndio wanaokumbuka ulivyokuwa mtoto.
- Majina ya dawa zote unazotumia, na za miti shamba zikiwemo. Hatukukaripii. Tunataka kujua tu.
- Kipimajoto. Cha duka la dawa kinatosha.
- Mwenza wako, kwa miguu yake mwenyewe, si kwa salamu.
- Namba ya simu ya kituo na fedha ya usafiri wa usiku. Uchungu hauchagui saa.

Hatua ya 1: Kabla hujashika mimba

Wengi wenu mnasoma hapa tayari mna tumbo, basi rukeni. Kwa wale wanaopanga, mambo ni matatu.

Kwanza, pimeni VVU na homa ya ini B wote wawili. Ukiwa huna homa ya ini B, chanjo ipo, ni sindano tatu. Hata ukishika mimba katikati ya dozi haina madhara, kwa sababu haina kirusi hai.

Pili, rubela. Chanjo ya surua-rubela iliingia Tanzania mwaka 2014 kwa kampeni ya watoto walio chini ya miaka 15, na Kenya ikafuata 2016. Fanya hesabu: kama ulikuwa umeshapita umri huo, hukuchomwa. Inawezekana uliugua utotoni na una kinga bila kujua, kwa kuwa rubela hupita kama vipele vya siku 3 na wengi hawana hata hivyo vipele. Maabara kubwa zinaweza kupima kinga hiyo. Ukikosa kinga, choma chanjo kisha subiri angalau mwezi 1 ndipo utafute mimba.

Tatu, tetekuwanga. Kama uliugua ukiwa mdogo, umemaliza.

Tahadhari: chanjo za virusi hai kama surua-rubela, tetekuwanga na ya homa ya manjano hazipewi mjamzito kwa kawaida. Ikiwa ulichomwa bila kujua una mimba, usikimbilie kuitoa. Njoo utuambie tuandike kwenye kadi na tukufuatilie.

Hatua ya 2: Njoo kliniki kabla ya wiki 12

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12. Kwetu bado wapo wanaokuja miezi 5 kwa sababu hawataki majirani wajue, au wameambiwa mimba changa haitangazwi. Usitangaze, sawa. Lakini njoo. Ukianza dawa za VVU wiki ya 10 una zaidi ya miezi 6 ya kuvishusha virusi kabla ya leba. Ukianza wiki ya 34 tunakimbizana na saa.

Siku hiyo ya kwanza hakikisha umepimwa VVU, kaswende na homa ya ini B. Kaswende si kirusi, ila inaua watoto tumboni na damu inayotolewa ni ile ile, kwa hiyo usiiache. Kama kituo hakina kipimo cha homa ya ini B, omba uandikiwe ukapime kwingine. Usiseme "nitapima mimba ijayo".

Kosa ninalokutana nalo sana: mama anapima, majibu yanatoka salama, basi anaamini na mume ni salama. Majibu yako ni yako. Na akileta maambukizi mapya ukiwa mjamzito ndiyo hatari kubwa zaidi, maana katika wiki za mwanzo za VVU virusi huwa vingi mno kwenye damu na mtoto huambukizwa kwa urahisi.

Hatua ya 3: Majibu yakitoka, fanya hivi

*Ukikutwa na VVU.* Unaanza dawa siku ile ile kama uko tayari, na utazitumia maisha yako yote. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU wanaonyonyeshwa, 15 hadi 45 huambukizwa. Dawa zikitumiwa vizuri, idadi hiyo inashuka chini ya 5, na kwa mama aliyeanza mapema na ambaye virusi havionekani tena kwenye kipimo inashuka zaidi ya hapo. Nawaambia kina mama wazirudie namba hizi, kwa sababu hofu ya siku ya kwanza inaziba masikio.

Hapa kuna jambo dogo linalosahaulika hata na sisi watoa huduma. Vidonge vya kuongeza damu tunavyokupa kliniki vina madini ya chuma, na chuma kikikutana na dolutegravir kwenye tumbo tupu huikamata isiingie mwilini. Vinywe vyote pamoja na chakula, au tanguliza dawa ya VVU saa 2 kabla ya kile cha damu. Vidonge vya kalsiamu ni hivyo hivyo. Dawa za kiungulia zenye magineziamu au aluminiamu ndizo korofi zaidi, hizo usizinywe wakati mmoja na dolutegravir hata ukiwa umekula.

Na ule uvumi kwamba dolutegravir inalemaza watoto? Haukutoka hewani. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilionesha dalili ya kasoro za uti wa mgongo. Wakaendelea kuhesabu watoto wengi zaidi, tofauti ikayeyuka, na 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwemo. Habari ya kutisha ilifika hadi vijijini. Ya kusahihisha bado iko njiani.

*Ukikutwa na homa ya ini B.* Usilie kwanza. Uliza mambo mawili: je, virusi ni vingi kiasi gani, na chanjo ya mtoto ya siku ya kuzaliwa itapatikana wapi? Mama mwenye virusi vingi hupewa tenofovir, kwa kawaida kuanzia wiki ya 28 au mapema zaidi, ili vishuke kabla ya kujifungua. Kama una VVU pia, kidonge chako tayari kina tenofovir ndani, kinafanya kazi mbili. Usikiache ghafla, ini linaweza kulipuka.

Kwa nini tunahangaika na ugonjwa ambao mama mwenyewe hausikii? Kwa sababu ya umri. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake huifukuza, wanaobaki nayo ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiipata siku ya kuzaliwa, 9 kati ya 10 hubaki nayo maisha, na miaka 30 baadaye ndipo tunakutana naye na ini lililokauka au saratani.

*Ukikutwa huna chochote.* Hongera, ila hujamaliza. Tutarudia VVU wiki za mwisho.

Hatua ya 4: Jikinge na vile visivyopimwa kliniki

Kuna virusi ambavyo hakuna atakayekupima mpaka uugue. Kinga yako ni mikono, maji na mbu.

Mikono: saitomegalovirusi ndicho kirusi kinachowaambukiza watoto wengi zaidi tumboni duniani, na wachache wanakijua kwa jina. Kinaishi kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Afrika watu wazima karibu wote wameshakipata tangu utotoni, lakini kinaweza kuamka au kuja kwa aina nyingine. Kama unalea mtoto wa chini ya miaka 3 au unafundisha chekechea, nawa kwa sabuni kila ukibadilisha nepi, usimalizie uji wake kwa kijiko kile kile, usimtafunie chakula, na ukimbusu mbusu utosini badala ya mdomoni.

Mbu: chandarua cha usiku ni cha malaria, endelea nacho. Zika na dengi zinaletwa na mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Jina Zika ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, ambako kirusi hicho kilipatikana kwa nyani mwaka 1947. Kililala karibu miaka 70 bila kusumbua watu sana, hadi 2015 Brazil ilipoanza kuona watoto wanazaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Mbu huyo anataga kwenye maji safi yaliyotuama: vifuu, matairi, ndoo ya kiyoyozi, sahani ya chungu cha maua. Dar es Salaam ilishaonja dengi 2014 na 2019, kwa hiyo mbu yupo. Mwaga maji hayo kila wiki, vaa mikono mirefu mchana. Mume akitoka safari kwenye nchi yenye Zika, kondomu hadi ujifungue, maana kirusi hicho hukaa kwenye manii.

Maji: homa ya ini E husambaa kwa maji machafu, hasa penye mafuriko na kambi za wakimbizi. Kwa watu wengine ni homa ya kupita. Kwa mjamzito wa miezi 3 ya mwisho inaweza kuua hadi mmoja kati ya watano. Chemsha maji, hata kama jirani anasema ya bomba ni masafi.

Walio Kivu Kusini na Burundi wanaifahamu pia mpox, ugonjwa wa malengelenge uliotangazwa kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024. Mjamzito akiipata anaweza kupoteza mimba. Usimguse mwenye malengelenge wala shuka zake.

Hatua ya 5: Ukipata homa au upele

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Pima malaria. Homa ya mjamzito ni malaria mpaka kipimo kikatae.
2. Kwa homa tumia paracetamol. Epuka diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kununua dukani. Zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto, hasa baada ya wiki 20.
3. Andika tarehe upele ulipoanza, ulipoanzia na kama unawasha. Ukiweza piga picha kwa simu, kwani vipele vya rubela vinaweza kuwa vimeshatoweka ukifika.
4. Kabla hujaingia kliniki, piga simu au msimamishe mlinzi umwambie una upele. Usikae benchi moja na wajawazito 40.
5. Omba kuonwa na daktari, si kupewa dawa tu ya kuwasha.

Ikithibitika ni rubela katika wiki 12 za kwanza, nitasema ukweli: hakuna dawa ya kuirudisha nyuma, na uwezekano wa mtoto kuathirika unafika hadi 90 kati ya 100. Aliyefungua macho ya dunia ni daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, ambaye mwaka 1941 aliona watoto wengi wenye mtoto wa jicho akagundua mama zao waliugua rubela mimba zikiwa changa. Macho, moyo na masikio ndiyo yanayoumia. Utapelekwa kwa bingwa, utapigwa picha za mawimbi (ultrasound), na mtapanga mtoto azaliwe mahali ambapo moyo na macho vitachunguzwa siku za kwanza.

Tetekuwanga ni habari nyingine. Kama uliwahi kuugua, mlee mwanao bila wasiwasi. Kama hukuwahi, na umekaa naye chumba kimoja, usisubiri vipele vitoke. Nenda ndani ya siku 4, kuna sindano ya kinga ya tayari (si chanjo) au dawa ya asiklovir vinavyoweza kusaidia. Katika wiki 20 za kwanza kasoro kwa mtoto ni nadra, takriban 1 hadi 2 kati ya 100. Kipindi cha kutisha ni mwishoni: vipele vikikutoka kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mtoto anapokea kirusi bila kupokea askari wa kukizuia. Huyo anahitaji sindano ya kinga haraka na kulazwa.

Mkanda wa jeshi hauna shida kwa mtoto tumboni. Ila ukiupata ukiwa kijana, rudia kipimo cha VVU.

Hatua ya 6: Wiki ya 28 hadi 36

Huu ni wakati wa kupanga, na usiuchezee.

- Rudia kipimo cha VVU kama cha mwanzo kilikuwa salama.
- Kama unatumia dawa, uliza majibu ya wingi wa virusi. Uliza kwa namba. "Wako vizuri" si jibu. Virusi vikiwa chini ya 1,000 kwa mililita moja ya damu ni hatua. Lengo ni chini ya 50.
- Kama una homa ya ini B, thibitisha chanjo ya mtoto ipo kwenye jokofu la kituo utakachojifungulia. Si kila kituo kina chanjo hiyo, wengine wanayo Penta tu ya wiki ya 6, ile chanjo ya mchanganyiko yenye ya homa ya ini B ndani yake. Ikibidi kubadilisha kituo, badilisha sasa.
- Kama umewahi kuwa na malengelenge ya sehemu za siri, sema. Utapewa asiklovir kuanzia wiki ya 36 ili yasitoke siku ya leba. Yakitoka kwa mara ya kwanza maishani katika miezi 3 hii, hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko kwa mama aliyezoea kutokwa nayo.

Kuhusu kupasuliwa: homa ya ini B peke yake si sababu. VVU vilivyodhibitiwa si sababu. Vidonda vibichi vya malengelenge uchungu ukianza, hiyo ni sababu.

Hatua ya 7: Siku ya uchungu

Kunywa dawa yako kwa saa yake hata kama uchungu umekolea. Mwambie mkunga hali yako mwanzoni, mkiwa wawili, au mwoneshe kadi kimya kimya. Chupa ikipasuka nyumbani, usikae kungoja uchungu upande. Kila saa inayopita inaongeza muda wa mtoto kukaa kwenye majimaji yenye virusi. Mkunga anayejua kazi yake hatakupasua chupa mapema wala kukuongezea njia bila sababu.

Ikitokea umejifungulia nyumbani au njiani, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisha nyote wawili muende kituoni siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, si baada ya arobaini.

Hatua ya 8: Saa 24 za kwanza

Mama mwenye homa ya ini B: mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24, mapema ni bora. Penye uwezo huongezwa sindano ya kinga ya tayari kwenye paja la pili. Muulize nesi kabla hajamaliza zamu, na usiondoke wodini bila kuona imeandikwa kwenye kadi namba 1 ya mtoto. Kisha mnyonyeshe kwa raha zako, maziwa hayaambukizi homa ya ini B.

Mama mwenye VVU: mtoto aanze nevirapini ya maji ndani ya saa chache za kwanza, isipite siku ya 3. Kwa kawaida ni wiki 6. Kama uligundulika mwishoni au virusi vyako viko juu, mtoto hupewa dawa mbili na muda unaongezwa hadi wiki 12, na hupimwa akiwa amezaliwa tu. Jifunze kuvuta dozi kwa bomba la sindano lisilo na sindano mbele ya nesi, wewe mwenyewe, si bibi yake. Nimeona mtoto akipewa nusu dozi wiki nzima kwa sababu aliyefundishwa hakuwa anayempa.

Hatua ya 9: Mwangalie mtoto kwa macho yako

Mtoto mwenye maambukizi anaweza kuzaliwa ananenepa na kulia vizuri. Siku 30 za kwanza mwangalie kwenye mwanga wa jua la asubuhi:

- Mboni ya jicho ni nyeupe badala ya nyeusi.
- Kichwa ni kidogo kuliko mwili. Omba kipimwe kwa futi na kiandikwe.
- Madoadoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza.
- Manjano siku ya kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni.
- Vilengelenge vidogo vya maji, hasa kichwani au mdomoni, wiki ya 1 hadi ya 3.
- Hanyonyi, analegea, degedege, joto la 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika.

Dalili yoyote hapo ni hospitali, si mafuta ya mgando. Ukimhofia saitomegalovirusi, mkojo au mate yapimwe kabla hajatimiza siku 21. Baada ya hapo huwezi kujua aliupata tumboni au nje. Na mtoto wa mama aliyeugua rubela au saitomegalovirusi apimwe usikivu zaidi ya mara moja, maana anaweza kusikia leo akaja kupoteza akiwa na mwaka.

Hatua ya 10: Wiki ya 6 hadi mwezi wa 18

Homa ya ini B: Penta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila kuruka. Kisha apimwe akiwa na miezi 9 hadi 12 kuona kama amesalimika.

VVU: kipimo cha matone ya damu ya kisigino wiki ya 6, tena miezi 9, kisha apimwe tena miezi 18 na baada ya kuacha kunyonya. Usipuuze ile ya wiki ya 6. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa, karibu nusu hawafiki miaka 2, na wengi huondoka miezi ya mwanzo kabisa. Kuanzia wiki hiyo anaanza pia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, hadi ithibitike hana VVU.

Kunyonyesha: maziwa yako matupu miezi 6. Si maji, si uji mwepesi, si maji ya sukari ya kuondoa msokoto. Kuchanganya ndiko kunakoumiza utumbo wa mtoto na kuvipa virusi njia. Baada ya miezi 6 anza vyakula, endelea kunyonyesha huku ukinywa dawa hadi mwaka 1 au 2. Dada zetu walioko Ulaya na Marekani mtasikia ushauri tofauti, kwa kuwa kule maji ni salama na maziwa ya kopo yanapatikana. Zungumzeni na daktari wenu wa huko.

Na tafadhali, asikatwe kimeo wala kuchanjwa chale. Wembe wa mtu mmoja kwa watoto kumi unafuta kazi yote ya miezi 9.

Mambo yakienda mrama

*Nimesahau dawa yangu ya VVU.* Inywe ukikumbuka, kisha rudi kwenye saa yako. Usinywe mbili kufidia. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, rudi kituoni, dawa za mtoto huenda zikabadilishwa.

*Mtoto ametapika nevirapini.* Ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Ikipita hapo, subiri ya kesho.

*Saa 24 zimepita bila chanjo ya homa ya ini B.* Mchome hata hivyo, leo. Kinga inapungua kila siku lakini haijafika sifuri.

*Chuchu zimechanika au titi limevimba lina usaha.* Nyonyesha upande mzima, kamua na kumwaga maziwa ya upande mbovu, njoo upate dawa.

*Kipimo cha haraka cha mtoto wa miezi 7 kimesema ana VVU.* Usizimie. Kipimo hicho kinasoma askari wa kinga wa mwili wako waliopita kwenye kondo, na wanaweza kubaki hadi miezi 18. Kinachoamua umri huo ni kile cha matone ya damu.

*Kipimo cha matone hakijarudi wiki ya 10.* Usingoje upigiwe simu. Nenda uulize, kikipotea, atolewe damu tena siku hiyo, na nevirapini isiachwe mpaka mtoa huduma aseme.

*Mume hataki kupima.* Mwandikie kwenye karatasi tarehe ya kliniki ijayo na umwambie kina baba wanaokuja na wake zao wanaonwa kwanza, kama kituo chako kinafanya hivyo. Kina baba wengi kwenye kliniki yangu walikuja kwa ajili ya foleni.